Zederoli ya Kupiga Hodi

Kitabu kile sikukinunua wala sikukiiba, ingawa shemeji yangu akitaka kunichokoza husema nilikiiba. Nina kibanda cha fotokopi kwenye njia ya kushuka mtaa wa Himbi: mashine moja, tarakilishi moja, na jenereta ndogo ambayo hakuna siku nisiyoitukana. Mteja mmoja aliyekuwa akifanya kazi na shirika fulani aliniletea kitabu cha Kifaransa kilichoachana kurasa, nikifunge upya kwa pete za plastiki. Akasema atakipitia Ijumaa. Vita vikasogea, mashirika yakaondoa watu wao, na Ijumaa hiyo mimi naingoja hadi leo. Miezi ikapita. Siku moja umeme haupo, wateja hakuna, nikakifungua angalau nijue ni nini nilichokifunga vizuri namna ile.

Kumbe ni kitabu cha mchezo. Mchezo wa mdomo: mmoja anaongoza, anaeleza mko wapi na kuna nini mbele yenu; wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani na anasema mtu huyo anafanya nini. Pasipojulikana kama atafaulu au hatafaulu, mnatupa dadu. Wafaransa wanauita jeu de rôle. Midomo yetu pale nyumbani iliugeuza ukawa zederoli kabla wiki haijaisha.

Mwanzoni tulikuwa watatu. Mimi niliongoza kwa sababu kitabu kilikuwa kwangu, na kwa sababu, niseme ukweli tu, napenda kuongoza. Wa pili alikuwa huyo shemeji, mdogo wa mume wangu, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye hata chai anaitia sukari kwa kanuni. Wa tatu ni rafiki yangu msusi, anayeimba kwaya na anayeweza kulia kwa ajili ya mtu asiyekuwepo duniani. Tulicheza Jumapili baada ya misa, barazani kwangu, miguu ya meza ikiwa imeegemezwa kwa vijiwe ili isicheze.

Lakini kucheza kwetu kulikuwa nusu mchezo, nusu ubishi. Shemeji alishika kwamba mchezo bora ni kanuni. Dadu ikisema umekufa, umekufa; ukianza kuhurumiana, huo si mchezo tena, ni hadithi ya kumbembelezea mtoto alale. Msusi akamjibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kwenda nyumbani akisimulia dadu. Watu wanasimulia farasi, na mto uliofurika, na malkia aliyethubutu kuuvuka. Malkia huyo alikuwa wake, na siku dadu ilipomzamisha mtoni, rafiki yangu alininunia hadi Jumatano, kana kwamba mimi ndiye niliyemsukuma. Mimi nilisema mchezo bora ni ule wenye kiongozi bora. Walinicheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza wao kukubaliana.

Mama mmoja ndiye aliyetuvurugia ubishi huo. Alikuwa mkulima wa vilima vya Masisi. Vita vilimtoa kwake, akaishi kambini Mugunga, na kambi zilipovunjwa jirani yangu akampa chumba cha nyuma pamoja na wajukuu wake wawili. Alizoea kuja barazani kwangu kuchambua maharagwe, maana kwangu kuna mwanga. Jumapili moja aliuliza tunachokifanya. Nikamwambia ni zederoli. Akasema hiyo anaijua sana, akaweka ungo chini, akasogea mezani.

Nilidhani anajisifu tu. Wapi! Nilimpa mtu wa kuwa, mlinzi wa daraja, akamwingia mara moja kwa ile sauti yake nzito, akamhoji shemeji maswali ya barua za njia mpaka shemeji akajikuta anatafuta kitambulisho mfukoni. Tulicheka sana. Tulipomaliza, sisi tukaanza kukusanya karatasi, yeye akabaki ameketi, mikono mapajani, anangoja. Tukamwuliza kuna nini. Akauliza kwa upole sabuni iko wapi.

Basi ndipo tulipojifunza kwamba kule kambini zederoli ni kitu kingine. Wanakuja wahamasishaji, wanakusanya wamama, huyu anakuwa mume mlevi, yule jirani mwema, wanaigiza dakika kumi, halafu mhamasishaji anauliza: tumejifunza nini? Wote wanajibu kwa pamoja tumejifunza kunawa mikono, au tumejifunza kuishi kwa amani, na kila mmoja anapewa kipande cha sabuni. Yeye, kwa sababu ya sauti ile, alipewa sikuzote kuwa mama mbaya, yule asiyepeleka watoto kwenye chanjo. Miaka ile yote, alisema, hakuna hata siku moja mama mbaya aliruhusiwa kueleza kwa nini hakuwapeleka.

Nilimwomba radhi kwa kukosa sabuni. Akacheka. Halafu, kwa kuwa alikuwa ametusikia tukibishana wiki nyingi, akatoa neno lake: mchezo mzuri ni ule ambao hata mwenye kuuongoza hajui utaishia wapi. Shemeji akapiga meza, akasema si ndiyo dadu hiyo. Msusi akasema hapana, hiyo ndiyo hadithi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa mwisho wa mchezo wa siku ile nilikuwa nimeuandika tangu Alhamisi.

Hiyo ilikuwa wakati mvua zinaanza. Wiki chache baadaye mama alifika Jumapili bila ungo. Aliketi, akatueleza jambo lake bila kuzunguka. Watu wa kilima chake walikuwa wamepata lori la kuwarudisha, linaondoka Jumamosi. Nafasi ilikuwepo kwa ajili yake na wajukuu. Lakini mtu mmoja aliyetoka huko alimwambia kwamba nyumba yake haiko tupu: kuna familia imekaa ndani, inalima shamba lake, na hakuna ajuaye walitoka wapi. Akienda, atasimama mbele ya mlango wake mwenyewe na kukuta watu wengine. Akibaki, jirani yangu anahitaji kile chumba. Hadi Jumamosi awe ameamua, na usingizi umemkimbia. Alitaka tumchezee mlango huo kwanza.

Shemeji alikataa. Nitamtetea hapa, hakukataa kwa ubaya. Alisema mchezo ni mchezo kwa sababu uko mbali na maisha. Ukiuleta karibu hivyo hauwi mchezo tena, unakuwa kumchezea mtu kidonda. Msusi, ambaye tayari machozi yalikuwa yanamlengalenga, akanivuta pembeni, akaninong'oneza nimpe mama nyumba tupu, mlango wazi, mahindi yamekomaa, aende na moyo mzuri. Ni mchezo, akasema, unakugharimu nini?

Mama alimsikia. Sauti ya msusi haijui kunong'ona.

"Usinipatie nyumba," aliniambia. "Nyumba niko nayo. Nipatie mutu mwenye iko ndani."

Nikampa. Naona haya hadi leo nikikumbuka niliyempa. Nilijifanya mzee mmoja, mpole, mwenye kikohozi, ambaye aliposikia tu kwamba mwenye nyumba amerudi aliangua kilio, akaomba msamaha, akakunja mkeka wake akatoka. Nilimwigiza vizuri, hata kikohozi. Mama alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwamba mzee wangu analia haraka mno, kwamba mtu aliyekaa kwenye nyumba ya watu halii vile, na kwamba yeye sabuni ya namna hiyo ameshaipata ya kutosha. Nilikasirika. Kwa kweli nilikasirika, kama anavyokasirika mtu aliyekamatwa na uongo wake bado uko mdomoni.

Shemeji aliona nimeharibu, akasahau kwamba alikuwa amekataa. Akachukua dadu. Yeye alijifanya mwanamume wa makamo, mkali, mwenye panga mlangoni, na kila neno la mama lilipimwa kwa dadu: kama linamlainisha, kama linamchokoza. Mama alisihi, dadu ikakataa. Akataja mipaka ya shamba, mti kwa mti, na kaburi la mume wake nyuma ya migomba. Dadu ikakubali kidogo. Akapaza sauti, dadu ikamwangusha. Mwanamume akafunga mlango. Shemeji alifunga kwa kiganja chake juu ya meza, na hakufurahi. Nilimwona anaitazama ile dadu kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

Mama hakulia. Alisema hiyo ni kweli zaidi ya ya kwanza, lakini nayo bado. Huyo naye tumempa panga kama walivyokuwa wanampa yeye kuwa mama mbaya. Kisha akainuka, akazunguka meza, akaketi kwenye kigoda changu, kile cha kiongozi, mgongo ukutani.

"Mimi nitakaa ndani," akasema. "Wewe utakuwa miye. Piga hodi."

Kwa hiyo nilitoka barazani kwangu mwenyewe, nikasimama juu ya mawe meusi ya ua, nikapiga hodi. Nikapiga tena, nikasema mimi ndiye mwenye nyumba hii, nimerudi. Nilingoja. Hatimaye ikaja ile sauti nzito, lakini imeshuka, sauti ya mtu anayezungumza watoto wakiwa wamelala karibu.

"Nilikuta makala ya jiko ingali na moto," alisema. "Nikajua mwenyewe ametoka sasa hivi. Siku mbili sikupika. Niliogopa atarudi anikute na sufuria yake mu mikono."

Niliuliza kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba siku ya tatu alipika nini.

"Maharagi yako. Watoto walikuwa wanalia. Nikatafuta chumvi, nikaikuta pale ulikuwa unaficha."

Nilisahau kabisa kwamba mimi ni yeye na yeye ni mwingine. Nikamwuliza kama alifikiri juu yangu, mwenye chumvi. Aliposema tena hakuwa akiangalia mlango.

"Hiyo haiko Masisi," akasema. "Hiyo ni Sake. Hiyo ni miye."

Alitueleza pale pale, bado amekaa kwenye kigoda. Walipokimbia kutoka kilimani waliingia Sake, mji mdogo ulio njiani, usiku wa mvua, wakakuta mlango wa mbao haujafungwa, wakalala. Walikaa wiki mbili kwenye nyumba ya mtu ambaye hawakumwona. Walikula maharagwe yake, walilala kwenye shuka lake. Vita vilipofika Sake nao wakakimbia tena, na katika kukimbia alibeba ile sufuria, kwa sababu ilikuwa na chakula ndani na hakuwa na kitu kingine cha kukibebea. Ameitumia kupikia Mugunga miaka yote ile. Ameitumia hapa kwa jirani. Hakuwahi kumwambia mtu, hata padri, kwa maana kila aliyemwuliza alimwuliza juu ya nyumba aliyonyang'anywa, na juu ya ile aliyoingia hakuna aliyeuliza.

Akatuambia pia alichokuwa akiogopa kweli. Mwenye panga hakumtisha sana. Aliogopa kukuta ndani mwanamke kama yeye, ameshika sufuria, na kujikuta hana la kumwambia.

Hakuna aliyeuliza tumejifunza nini. Shemeji, ambaye tangu nimjue hajawahi kuacha ubishi bila kuumaliza, alisema tu kwamba hapa hapakuwa na kitu cha kutupia dadu. Msusi alimsogelea mama, akaketi sakafuni karibu na miguu yake, na kwa mara ya kwanza hakulia. Mimi nilibaki nimesimama uani. Nilikuwa nimeongoza mchezo huo kwa karibu mwaka, na mchezo bora niliowahi kuuona nilikuwa nimeuchezea nje ya mlango.

Katikati ya wiki, nilipojua ameamua kwenda, nilimwambia asiende. Nilimwambia mara tatu, kila mara kwa sababu nyingine: barabara, mvua, wajukuu. Kwa kweli niliogopa mimi. Alinisikiliza huku akisugua sufuria ile kwa mchanga na majani, ndani na nje, hadi masizi ya miaka yakatoka na chini yake tukaona imechorwa ua dogo jekundu, ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulijua.

Jumamosi asubuhi tulimsindikiza kwenye lori, mimi na shemeji, kila mmoja amembeba mjukuu. Alimwambia dereva kwamba yeye hafiki Masisi leo. Amshushe Sake kwanza, kuna mahali anapita, na kilimani atapanda na gari la kesho au la keshokutwa. Dereva alinung'unika, akakubali. Sufuria aliipakata mapajani, haikuingia kwenye mizigo.

Injini ilikuwa imeshawaka nilipomwuliza, kwa sauti ya juu ili anisikie, atasema nini mlango ukifunguliwa. Nilikuwa hata nimemwandalia maneno, mazuri, nimeyaandika kwenye karatasi. Aliipokea, akaikunja bila kuisoma, akaitia ndani ya sufuria.

"Mimi nitapiga hodi tu," akasema. "Kisha ni zamu yao."