Mashine Iliyotulia

Nyumbani walianza kumwita binti yao Injinia siku ile ile alipokubaliwa chuoni kusomea uhandisi wa vifaa vya tiba, kabla hajashika hata bisibisi. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu anaota meno, alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto njiti, na kila kifaa cha wodi kilipogoma aliwaambia wenzake, "Ngojeni mwanangu amalize." Cheo kikamtangulia mwenye cheo, naye akawa anakifukuzia nyuma kwa nyuma.

Mwaka wa mwisho ulipofika, kila wanafunzi wawili walitakiwa kubuni kifaa kimoja na kukitetea mbele ya jopo la walimu. Usipopita mradi hupati shahada, hata kama mitihani yote umeimeza. Injinia hakuhangaika kutafuta wazo. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba watoto njiti hupoa kimyakimya, kwa kuwa hata nguvu ya kulia hawana, na kwamba muuguzi mmoja hawezi kuwa kila mahali. Akaamua kutengeneza mashine ya kuchunga joto: kihisi kidogo kinabandikwa tumboni mwa mtoto, joto linasomeka kwenye kioo, na likishuka kengele inalia.

Mwenzake alikuwa kijana ambaye darasa zima lilimwita Mheshimiwa, maana kwa ulimi wake angeweza kumuuzia samaki maji. Kazi waligawana kama wanafunzi wanavyogawana. Injinia alilehemu nyaya, akaunguza vidole, akaandika programu, akaifuta na kuiandika tena. Mheshimiwa alichagua rangi ya boksi.

Asubuhi ya kuwasilisha mradi, waya wa kihisi ukakatikia ndani kwa ndani, mahali pasipoonekana. Namba zikaanza kuruka kama panzi.

"Ongeza mstari mmoja tu kwenye programu," Mheshimiwa akamnong'oneza mlangoni. "Kihisi kikipotea, kioo kionyeshe thelathini na sita nukta saba, joto la mtoto mzima."

"Huo si uongo?"

"Ni kinga, dada. Kila mwaka watu wanafanya. Tukitoka humo ndani unaufuta."

Jambo hili halifundishwi darasani, lakini hakuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiyelijua: kifaa hakidaiwi kufanya kazi, kinadaiwa kufanya kazi wakati jopo limeketi. Injinia akauandika ule mstari. Alikuwa na haraka.

Jopo lilipiga makofi. Mheshimiwa alimwaga maneno, na namba ikatulia kama maji mtungini. Msimamizi wao, ambaye alikuwa daktari wa vitabu, si wa wagonjwa, alifurahi hadi akasahau kuuliza swali. Kabla Injinia hajaifikia mashine yake, ilikwisha kubandikwa nembo ya chuo, ikapigwa picha na kupakiwa kwenye gari la idara, zawadi kwa hospitali. Na wodi iliyochaguliwa ilikuwa ile ile ya mama yake mdogo.

"Ule mstari!" Injinia alimvuta Mheshimiwa shati.

"Tulia. Nimewawekea kihisi kipya. Kikiwa kizima, huo mstari wako umelala usingizi wa pono."

Injinia akajipa moyo. Nani hapendi kujipa moyo akiwa amefaulu? Nyumbani walicheka na kuimba, na jina la Injinia likatamkwa mpaka na majirani waliokuwa wakilibeza.

Wiki kadhaa baadaye mama mdogo akapiga simu, furaha imemjaa.

"Mwanangu, mashine yenu haina mfano! Haipandi, haishuki. Kila mtoto ninayembandika, thelathini na sita nukta saba. Utadhani wamezaliwa tumbo moja! Na ile kengele haijalia tangu juzi. Sasa hata mimi naweza kwenda kunywa chai kwa amani."

Injinia akajua kihisi kipya nacho kimekufa, na ule mstari umeamka. Alikwenda wodini mbio, hakusalimia mtu. Alichomoa waya wa kihisi kwenye mashine, akaushika mkononi ukining'inia mbele ya mama yake mdogo. Kioo kiliendelea kuonyesha thelathini na sita nukta saba.

Mama mdogo aliutazama waya, akakitazama kioo, kisha akapitisha mkono chini ya shuka ya mtoto aliyekuwa amebandikwa. Mtoto alikuwa wa baridi.

Hakupiga kelele. Alimwita mama wa mtoto, akamfunga kichanga kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akaita daktari. Mtoto alipona, na hilo tusilifiche. Kisa hiki ni kichungu vya kutosha bila maiti.

"Nani aliitengeneza hivi?" mama mdogo aliuliza baadaye, huku akinawa mikono.

"Mimi, mama."

"Na mimi nilikwenda kunywa chai," akasema. Injinia alitamani angepigwa kofi.

Alipokwenda kumweleza msimamizi, yule daktari wa vitabu alifunga mlango kwanza.

"Binti, kila mradi una kiini macho chake kidogo. Mahafali ni mwezi ujao. Nenda karekebishe, funga mdomo, vaa joho lako."

"Daktari, mtoto alipoa."

"Lakini yu hai, au sivyo?"

Hapo ndipo Injinia alipopiga moyo konde. Aliomba kusimama tena mbele ya jopo, akasema yote. Mheshimiwa alipoulizwa, alijibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba yeye alichagua rangi ya boksi tu. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mwaka mzima, na ndilo lililomwokoa. Yeye akavaa joho. Injinia akaambiwa arudie mwaka, kwa kosa la kulidanganya jopo.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mheshimiwa ilimfikisha kwenye kampuni ya kuuza vifaa vya hospitali, na nasikia anauza vizuri. Mashine iliondolewa wodini ikafungiwa stoo, lakini picha yake, na Mheshimiwa pembeni akitabasamu, ilibaki ukutani kwenye lango la idara. Injinia aliipita kila siku. Nyumbani mama mdogo alimpikia, alimfulia, alimwita mwanangu. Lile jina la Injinia hakulitamka tena.

Mwaka uliofuata aliijenga mashine ile ile, peke yake, bila ule mstari. Mbele ya jopo lile lile alijibandika kihisi mwilini mwake, na namba ikapanda kidogo, ikashuka kidogo, kama joto la mtu aliye hai. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akakata waya kwa mkasi. Kioo kikazimika palepale na kengele ikalia kwa nguvu hadi walimu wakaziba masikio.

"Zima hiyo!" mmoja wao akafoka.

Wakampa alama za kupita, zile za mwisho kabisa. Alipouliza amekosea wapi, msimamizi alimshika bega kwa upole wa baba.

"Hujakosea, binti. Ila ile ya mwaka jana ilikuwa imetulia zaidi."