Upanga wa Baba Haukuwa Sampuli

Shule niliiacha darasa la nne, lakini makontena yangu yalifika Dar kabla ya yale ya wenye digrii. Kwa hiyo sipendi kudharauliwa, na kaka yangu, mwalimu mstaafu, alinidharau kwa ajili ya upanga.

Baba aliniachia mimi. Alikuwa askari wa Mwingereza, akapelekwa Burma, na alituambia alimnyang'anya upanga huo ofisa wa Kijapani. Kaka akasema aliununua Kariakoo na Burma hakuwahi kukanyaga. Yaani baba mwongo. Nikasema nikienda Guangzhou, China, kuchukua nguo nitauliza, maana huko ndiko karibu na Burma.

Kwenye ndege hauingii. Nikaupiga picha, kisha nikachora umbo lake kwenye karatasi ya kaki, urefu kamili, kama tunavyochora soli tukitaka kutengenezewa viatu. Hapo ndipo nilipojiharibia. Pale soko la Liuhua, kila mwenye duka niliyemkunjulia karatasi alichukua kikokotoo: pisi ngapi? Namwambia sinunui, nataka kujua umetoka wapi. Anashusha bei. Mmoja alinifuata hadi mlangoni, anauliza kama mpini nautaka wa plastiki.

Na polisi nao. Wakati ule walikuwa wakiwasaka wasio na viza, pasipoti kila kona ya Dengfeng, mtaa tunakofikia Waafrika. Yangu ilikuwa safi, ila waliona mchoro. Nilishinda kituoni nikieleza habari za marehemu baba kwa mkalimani ambaye Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu. Walipochoka wakaniachia. Hata yule mkalimani aliniuliza kama kiwanda nimeshapata.

Nilikuwa karibu kuichana ile karatasi. Mkongomani aliyekuwa akinibadilishia fedha ndiye aliyenipeleka barabara ya Huanshi Zhonglu, kwa mama muuza vito aliyezaliwa Burma, na yeye mwenyewe akatutafsiria. Mama yule hakugusa kikokotoo. Aliweka kidole kwenye picha, pale mpini mrefu unapokutana na chuma bila kikingio cha mkono.

"Dha," akasema. "Upanga wa kwetu."

Nilitamani kaka awe pale. Nikamuuliza kuhusu ofisa wa Kijapani. Akatikisa kichwa. Wajapani walikuwa na panga zao, akasema; huu ni wa mkulima. Baba yake mwenyewe alikata mianzi na kuni kwa upanga kama huo, na usiku aliuweka karibu na kitanda. Kisha akaniuliza baba yangu aliupataje. Nikakunja karatasi yangu.

Nikampigia kaka palepale nje, barabarani.

"Ni wa Burma," nikamwambia. "Baba alifika."

"Na yule ofisa?"

"Hakuna ofisa. Ulikuwa wa mkulima."

Nilingoja anicheke. Hakucheka.

"Sasa mdogo wangu," akasema taratibu, "huyo mkulima baba alimfanya nini?"

Maisha yangu yote nimekuwa na jibu la kila neno lake. Nikamwambia salio linaisha.