Siku Niliyowafukuza Wageni Wote

Mama alitulea Bariadi kwa sheria moja: mwenyeji hamwambii mgeni aondoke. Mgeni ndiye anayeaga, wewe unamsindikiza. Ni sheria nzuri, ila nusura imuue kaka yangu.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kampuni binafsi zilipoanza kununua pamba. Nilikuwa mtu wa kompyuta katika mojawapo, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Makarani wa vituo vya ununuzi walizungumza na ofisi kwa redio ya upepo, na walimaliza betri kwa kusalimiana: habari za ng'ombe, za mashamba, za wakwe. Nikamshawishi meneja tuondoe vipaza sauti, redio tuziunganishe na kompyuta, karani aandike ujumbe basi. Programu ya kuwapokea niliiandika mwenyewe. Ilikuwa na nafasi nane, na aliyeingia alishika nafasi yake mpaka aage. Sikuiruhusu programu imkate mtu. Niliona ni utovu wa adabu, hata kwa mashine.

Siku moja mwishoni mwa msimu, mvua za vuli zimeshaanza, kaka, aliyekuwa dereva wa kampuni, aliondoka mchana na lori kwenda Mwandoya kuchukua pamba. Muda si mrefu nikaangalia skrini. Nafasi zote nane zimejaa, lakini hakuna anayesema neno. Chini yake mstari mmoja ulikuwa unajirudia: Mwandoya amebisha, amekataliwa. Mwandoya amebisha, amekataliwa.

Kituo cha Dutwa peke yake kilishika nafasi tatu. Hapo ndipo nilipoelewa. Makarani nao walilelewa na mama kama wangu: mdogo haondoki mpaka mkubwa amruhusu. Wao waliisubiri mashine ya ofisi iwaruhusu, yenyewe iliwasubiri waage. Betri ikiisha, karani anaichomoa na kuipeleka ikachajiwe, akirudi anapewa nafasi mpya. Ile ya zamani inabaki imekaliwa na hewa.

Sikuweza kujua nani yupo na nani ameshaondoka. Nikawakata wote nane kwa mpigo. Nakiri niliona aibu, kama niliyemwaga maji ya kunawa mbele ya wageni.

Mwandoya aliingia papo hapo. "Nabisha tangu saa saba. Mto umejaa, njia imezama. Lori lisije."

Namjua kaka. Akiwa kwenye usukani, maji ya kiunoni huyaita umande. Kati yake na mto kilibaki kituo kimoja tu, Lagangabilili, na nilikuwa nimekikata dakika hiyo hiyo. Karani wa pale alikuwa mzee wa rika la baba. Kama amechukia akazima redio, basi sina njia nyingine.

Kumbe kweli alikuwa amechukia, na hasira yake ndiyo iliyomrudisha.

"Mwadila," aliandika, akinisalimu kwa Kisukuma. "Mtu mzima kama mimi unanifukuza. Nimekosa nini?"

Sikuitikia hata salamu. "Baba, simama barabarani. Zuia lori la kaka yangu. Mto umejaa."

Hakuaga. Nafasi yake ikabaki imeshikwa kwenye skrini, nami sikuigusa. Nilikaa nikiitazama karibu saa nzima, namwomba Mungu, namlaani meneja, najilaani mwenyewe kwa vile vipaza sauti.

Halafu: "Yuko hapa. Anakula michembe. Anasema unamchelewesha."

Nililia pale ofisini na sikujificha.

Jioni ile ile nilibadilisha programu: ukinyamaza robo saa, unakatwa, nafasi anapewa mwingine. Makarani walininung'unikia sana. Yule mzee, kila tulipokutana, alinishika mkono na kuuliza, "Leo unaniruhusu, au unanikata?" Nilicheka naye, ila sikujuta.

Kaka siku hizi ni mzee. Akija kwangu anakaa mpaka chai inapoa mara mbili, anarudia hadithi zile zile, mke wangu ananikonyeza. Simwambii aondoke.