Majani ya Mkungu na Kisima cha Jirani

Wiki iliyopita mwanangu alinunua mashine ya kupuliza majani. Nyumba yetu ya Hail, pembezoni mwa Maskati, ina kiwanja kidogo cha nyasi na miti miwili mitatu, na kila joto likivunjika, majani hupukutika mpaka nyasi hazionekani. Akaiwasha, ikanguruma kama pikipiki, na kwa muda mfupi majani yote yakawa yamekaa pembeni. Alitaka nimsifu. Nilimsifu, wallahi nilimsifu, lakini moyo wangu ulikuwa umeshakwenda Maskati ya zamani, kwenye ua wa mchanga wenye mti mmoja wa mkungu, mwaka ule wa sitini na nne tulipofika kutoka Unguja nami nina miaka minane.

Tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Baba alikwishatangulia mbele ya haki. Jamaa yake bibi alitupa vyumba viwili nje ya ukuta wa mji, tukae bure, sharti letu moja tu tuutunze ua. Mkungu ulikuwa katikati ya ua huo. Kama umekulia pwani unaujua: majani mapana kama sahani, yanageuka mekundu kabla ya kudondoka, na yakianza kudondoka hayajui kuacha. Chini ya kivuli chake mama alikaa tangu asubuhi akishona kofia. Kivuli kile ndicho kilichotulisha, maana ndani ya vyumba, kwa joto la Maskati, sindano ilimteleza vidoleni.

Kufagia hatukuwa na cha kufagilia. Bibi alizoea ufagio wa chelewa, akatafuta mnazi mji mzima asiuone. "Nchi haina nazi," alilalamika, "sasa watu wanafagia kwa nini, kwa ndevu?" Basi tukayaokota kwa mikono. Bibi alitandika shuka kuukuu, tukayarundika juu yake, kisha tukaliburura mpaka jikoni, kwa sababu kuni zilikuwa ghali na majani makavu yanatosha kuchemshia chai. Hata leo nikisikia harufu ya moshi wa majani, ulimi wangu unaonja chai ya tangawizi.

Lakini upepo haukungoja shuka letu. Yaliyobaki yaliruka ukuta na kuingia kwenye kisima cha jirani, na sisi maji ya kufulia na kuoshea tuliyateka humo humo. Jirani alikuwa mwanamke mjane, mrefu, mkavu, hacheki. Akaja mlangoni kwetu na jani limetota mkononi, akasema kwa Kiarabu, maneno yanamtoka kama changarawe. Mama na bibi Kiarabu chao kilikuwa cha msikitini. Mimi nilikuwa nimeshaokota cha mtaani kwa watoto wenzangu, nikafanywa mkalimani.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

Alikuwa amesema kwamba likiingia jani jingine hatuteki tena maji, na atamtaka mwenye nyumba aukate mti. Nilimtazama mama chini ya kivuli chake. Nikasema, "Anasema pole kwa kazi, majani ni mengi mwaka huu."

Bibi akanikunjia uso. "Mwambie akiona majani mengi ajenge ukuta mrefu, mwanamke mwenye uso kama kibao cha mbuzi ya nazi!"

Nikamgeukia jirani nikamwambia kwa Kiarabu kwamba bibi anaomba radhi na tutafagia mapema zaidi. Jirani alinitazama kwa muda, kisha akaondoka.

Yalikwenda hivyo msimu mzima. Alikuja karibu kila siku, wakati mwingine kwa jani moja tu. Walitukanana, nami katikati nikawapa wote wawili maneno matamu. Kila asubuhi niliamka kabla ya mama nikaokote majani upande wa ukuta, maana niliona siku nikichelewa ndiyo siku shoka litakapokuja.

Siku ikaja. Upepo mkavu ulivuma kutoka majabalini, na kulipokucha mkungu ulikuwa karibu mtupu na kisima hakionekani maji. Bibi hakungoja kuitwa. Alichukua kapu akalifunga kamba, akanishika mkono, tukaenda. Tukateka majani badala ya maji, kapu baada ya kapu, mpaka jua likawa utosini. Bibi mgongo ukamuuma, akanung'unika kwa Kiswahili, "Roho ya mwanamke huyu ni kama kisima chake, nyembamba na ya chumvi."

Sauti ikatoka mlangoni, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka: "Chembamba ni chembamba, dada, lakini nguo zako zinatakata."

Kapu lilimponyoka bibi likazama.

Jirani akaja akakaa ukingoni. Akatuambia aliolewa Unguja, akakaa mtaa wa Ng'ambo miaka tisa, akazika watoto wawili huko. "Lugha ile nilisema na wanangu. Niliporudi sikuwa na wa kusema naye. Halafu nnakusikieni nyinyi nyuma ya ukuta, asubuhi na jioni. Nliogopa nikifungua mdomo ntalia. Basi nikawa nakuja kugombana, nipate kukusikieni kwa karibu."

Bibi akasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nikusamehe nini? Ingia ndani, kahawa ipo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, tafsiri yako ilikuwa nzuri kuliko maneno yetu sote wawili."

Tangu siku ile alikuja alfajiri na mafagio aliyosuka kwa makuti ya mtende, akamfundisha bibi kuyafunga. Wakafagia pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakisimuliana habari za mitaa ambayo hakuna kati yao aliyeiona tena.

Shule ya wasichana ilipofunguliwa, mwaka wa sabini, mama aliogopa kwenda kuniandikisha kwa Kiarabu chake. Jirani akavaa buibui lake zuri akanipeleka. Mwalimu akamuuliza, huyu ni nani wako? Akajibu bila kusita, "Mjukuu wangu." Nilipomhadithia bibi, akacheka mpaka akafuta machozi. "Kasema kweli," akasema.

Kisima kimefukiwa, mkungu umekatwa, na pale palipokuwa na nyumba zetu mbili leo pana barabara. Wajukuu zangu wananijibu kwa Kiarabu nikiwasemesha Kiswahili. Silalamiki, nimepewa zaidi ya nilivyostahiki. Kila Ijumaa nawaombea wale wanawake watatu walionilea, mama, bibi na jirani, na mpaka leo sijui nianze na nani.