Mukubwa wa Binti Yangu Alisema Ninasahau

Ndugu wa ukurasa hii, jina langu mufiche, lakini miaka yangu muandike: makumi saba na munane. Nimezika wanawake wawili, nimezika ndugu zangu wote, nimekimbia vita nikarudia, kolera ilinishika mara mbili ikaniacha. Niko mupiga kasia hapa Nyangwe tangu sijaota ndevu. Nimevusha mapadri, mashehe, mabibi arusi, wachuuzi wa Salamabila na pikipiki zao. Hakuna mutu alizama mu mutumbwi wangu. Hata mumoja! Wapiga kasia wa leo wote nimewafundisha mimi, na wawili hawajajua mpaka leo. Masomo niliacha mwaka wa pili, hii ninaandika na kidole kimoja, mutanisamehe. Ama musinisamehe, musome tu.

Kitinda mimba wangu, nitamuita Faida, alisoma kompyuta kule Kindu. Kazi yake ni kuandika programu za telefone. Aliandika moja ya kivuko chetu: mutu akiwa bado Kasongo anaangalia telefone, inamuambia leo maji ni ya kuvuka ama hapana. Akili hiyo aliitoa wapi? Kwangu! Alikaa na mimi, akaniuliza maswali makumi ine, akaandika majibu yangu yote. Pale kivukoni kuna mti wenye alama za kupima maji, na mulinzi wa ule mti ni mimi. "Papa, maji ikifika alama ya tano munavuka?" Nikamujibu, "Tunavuka na kuimba juu yake." Akaandika.

Mwaka hii mukubwa wake wa kazi akasema ile programu ni nzito, aiandike upya mu luga ingine ya kompyuta. Ya zamani inaitwa PHP, ya sasa inaitwa Python, na Faida anasema kwa kifaransa hiyo ni chatu. Ili ajue kama haharibu kitu wakati wa kuhamisha, alifunga maswali yangu ndani ya mashini. Kila akigusa mustari moja, mashini inajiuliza yenyewe maswali yote na inalinganisha na majibu yangu. Ikiwa sawa, kijani. Ikipishana, nyekundu. Muone mimi ni mutu wa namna gani: hata mashini inarudia kwangu kuuliza!

Faida akaingiza pia siku zote za mwaka hii, programu mupya ijifunze humo: maji ilikuwa alama gani, na mimi nilivusha watu ama nilikataza. Swali ya kumi na mbili ikatoa nyekundu. Maji alama ya tano: jibu yangu ya zamani inasema vuka, programu mupya inasema usivuke. Zingine zote kijani.

Wiki tatu anafuta, anaandika, anafuta. Mutoto amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku. Nikamuchekelea, "Chatu yako imekuuma?"

"Chatu haiumi, Papa. Inakaza."

Sasa musikie mahali hasira yangu inaanzia. Juzi mukubwa wake alipiga telefone. Faida akaitegesha juu ya meza, sauti yote inje, mimi ninakula bukari yangu ya unga wa muhogo.

"Faida, futa ile swali. Muzee wako anasahau. Ukiifuta yote itakuwa kijani, tumalize."

"Papa yangu hasahau, shefu. Hajazamisha mutu. Kosa iko kwangu, mu maandiko yangu."

"Basi kama kosa ni yako na hauioni, Ijumaa kazi ninaipa mwingine."

Mimi kusahau? Nikanyakua telefone na mukono wenye bukari. "Weye mutoto! Ule mti haujatikisika hata kidole tangu haujazaliwa!" Akakata.

Hiyo ilikuwa bongo, uongo mutupu.

Wapiga kasia waliniambia zamani: muzee, simika mti juu ya mawe. Nikawaambia wafunge kinywa, nikasimika mu muchanga. Mvua ya mwaka jana ikabomoa ukingo, mti ukaanguka. Wao walikuwa mu matanga. Kabla hawajarudi niliusimika tena, lakini juu zaidi, ukingo wa chini haukuwako tena. Kwa hiyo alama ya tano ya leo ni maji mingi kuliko alama ya tano ya zamani. Mimi maji ninayajua kwa macho, ndiyo maana nilikataza watu kuvuka, na nilikataza vizuri! Programu ya Faida haina kosa. Maandiko yake yote ni mazima.

Nina hasira na ule mukubwa. Nina hasira na mashini yenye kidomo. Lakini zaidi nina hasira na Faida. Nani alimutuma kuniamini namna hii? Mutu mwenye masomo anawezaje kushuku mikono yake wiki tatu, papa yake hata siku moja hapana? Jana alifunga kompyuta mu kitambaa. "Papa, labda kazi hii haikuwa yangu. Nitaomba kufundisha watoto wa primeri." Nikanyamaza. Mimi, mwenye kinywa hiki!

Nikisema, wapiga kasia watanicheka mpaka kaburini na mti watamupa mwingine. Nisiposema, Ijumaa inafika, na leo ni Jumatano. Wazazi wenzangu, munipe shauri: nimuite peke yake, ama niseme palepale kivukoni mbele ya wote? Wa kunitukana atukane, lakini anijibu mbio.

Na wenye kusema huyu muzee anatunga, waende kivukoni waulize Mama Sifa, muuza ndizi za kukaanga. Ni yeye alinishikia mti wima wakati nilikuwa ninafukia udongo. Faida, ukurasa hii unaisoma kila siku, ninajua. Uanzie kwake.