Mbuzi wa Papa Jean-Baptiste

Watu wa Wamaza husema Marcellin alizaliwa amekunja ngumi. Mama yake alikataa maneno hayo. Alisema mtoto alizaliwa kama watoto wengine, ngumi alizikunja baadaye, alipoanza kuelewa mambo. Mimi namwamini mama. Enzi zile za Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, aliyeelewa mambo asikunje ngumi, basi hakuelewa kitu.

Baba yake, Papa Jean-Baptiste, alilima pamba asiyoipenda, katika shamba alilopimiwa na kapita, mnyapara wa Wazungu, kwa kuogopa fimbo ambayo mgongo wake ulikuwa unaifahamu vizuri. Pamba haipikwi ikaliwa. Mzee akaapa kwamba kazi hiyo itaishia kwake na mwanawe atasoma. Akamchukua kwa miguu kutoka Wamaza, Kabambare huko, hadi shule ya misheni nje kidogo ya Kasongo, ile ya kulala hukohuko, akamkabidhi kwa mapadri, akarudi kwenye pamba yake.

Siku hiyo ya kwanza Padri Mkuu aliwapanga watoto uani. Hakuwapanga kwa umri wala kwa darasa. Aliwapanga kwa kabila: Wazimba huku, Wabangubangu kule, Wakusu pale, Warega nyuma. Kila kabila lilipewa chumba chake cha kulala, meza yake ya kulia, na kapita wake wa kupeleka habari kwa Padri. Alisema anatafuta amani, kwa sababu watu weusi wakichanganyika hupigana. Uongo mtupu! Watoto wale walikuwa wamekuja kwa njia moja, wamevushana mito, wamegawana mihogo ya kuchoma. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila. Lakini kabla jua halijazama, Wazimba walikuwa wamekwisha kuwaita Wabangubangu watu wa porini, na Marcellin, Mbangubangu, alikuwa amekwisha kumtoa damu puani Antoine, mtoto wa katekista, kapita wa meza ya Wazimba. Padri Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma, mtu aliyewasha moto akashangaa moshi. Marcellin akala viboko kwanza, chakula baadaye.

Katika mpango ule kulikuwa na mtoto mmoja aliyebaki katikati ya uwanja.

"Weye kabila gani?" Padri alimuuliza.

"Mungwana, mupe," alijibu. Mupe ndivyo walivyowaita mapadri.

"Hiyo haiko kabila."

Akamsukuma kwa Wakusu, yakaisha. Mtoto huyo aliitwa Asani, mwana wa Atumani, fundi cherehani wa kule sokoni, karibu na msikiti. Wazungu waliwaita Wangwana hao, Waislamu wa mjini, Waarabu, ingawa babu yake Asani alikuwa Mkusu mweusi tii, na Uarabuni hakukujua hata kwa ndoto. Asani alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa muuguzi. Dada yake alikufa kwa homa mbele ya macho yake, nyumba imejaa watu na hakuna aliyejua la kufanya. Na shule iliyokuwa njia ya kufikia uuguzi ilikuwa ya mapadri, na mlango wa mapadri ulikuwa maji ya ubatizo. Basi mjomba wake, Mkristo, akampeleka akabatizwa, akapewa jina la Fidèle, maana yake mwaminifu. Tazama watu wale walivyojua kutania bila kujua. Wakamwambia wazi kwamba siku atakayoonekana amerudia mambo ya Kiislamu, siku hiyo atafunga sanduku lake.

Atumani hakumgombeza mwanawe. Alimnyoosha kola ya shati alilomshonea mwenyewe, akamwambia, "Maji ya kichwa yatakauka. Tumbo yako tu, usiichafue."

Hapo ndipo urafiki ulipoanzia, na ulianza kwa ngumi, maana Marcellin hakujua njia nyingine. Jumapili moja, siku ya nyama, Asani alimfuata nyuma ya jiko akamwekea kipande chake cha nyama kwenye sahani.

"Mimi imbwa yako?" Marcellin akafoka, akampiga kifuani.

Asani hakurudisha. Alisimama tu, akasema polepole kwamba hajui aliyechinja nyama ile alikuwa nani wala alisema nini, na kuitupa ni dhambi. Marcellin akamtazama, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Angewezaje kutoelewa jambo hilo, mtoto wa Wamaza? Kwao mama hakuwahi kumpikia mgeni kuku kabla ya kumwita jirani yao Moustapha aje na kisu chake. Mkristo alijua kuchinja, mkono alikuwa nao, lakini akichinja yeye, kuna watakaokaa pembeni kwa kuona haya wakisema wameshiba. Akichinja Mwislamu, wanakula wote. Watu wa kule hawakuiita hiyo dini wala siasa. Waliiita adabu.

Tangu siku hiyo Marcellin alipokea nyama, akatoa maharagwe. Walipokezana jembe moja katika bustani ya shule, mmoja analima, mwingine anamsikilizisha masomo. Asani alimfundisha hesabu, Marcellin akamfundisha kujibu matusi, somo ambalo hakulifaulu kamwe. Likizo kubwa walikwenda pamoja Wamaza. Papa Jean-Baptiste akamwona kijana mnyenyekevu, akamkabidhi kisu na jogoo siku ileile, na wakati wa kuondoka akamwita mutoto wangu. Huko hakuna aliyemwita Fidèle.

Shuleni waliitunza siri hiyo ya nyama miaka yote, na wala haikuwa siri. Wakusu waliokula naye waliona. Wazimba walijua. Antoine mwenyewe aliwahi kuwakuta wakibadilishana sahani, akapita akipiga mluzi. Marcellin akangoja siku ya kuchongewa. Haikuja, lakini hakumshukuru Antoine kwa hilo. Alisema nyoka asiyeuma leo ana sababu zake.

Mwaka wa mwisho ukafika. Jina la Asani lilikuwa limekwisha kutajwa mbele ya mapadri kwa ajili ya shule ya wauguzi. Ilibaki sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule, mitihani, basi. Na siku ya sikukuu, baada ya misa, Papa Jean-Baptiste akatokea uani, vumbi mpaka kwenye nyusi, akivuta mbuzi dume mwenye ndevu. Alitembea naye kutoka Wamaza ili kuwashukuru mapadri kwa kumsomesha mwanawe. Mbuzi yule ndiye aliyekuwa mkubwa zizini.

Padri Mkuu alifurahi. Alikaa kwenye kiti mbele ya jiko, akamsifu mzee kwa moyo wake wa kikristo. Wanafunzi wakazunguka, kila kabila upande wake. Mpishi akaja na kisu. Mzee akakichukua kwa heshima, akageuza macho huku na huku, akitafuta. Marcellin alielewa mara moja anatafuta nini. Akafungua mdomo, lakini mzee alikuwa amekwisha kumwona aliyemtaka, uso wake ukang'aa.

"Asani! Asani, mutoto wangu, iko wapi, unajificha? Kuya utuchinjie, tukule wote."

Uwanja mzima ukamgeukia Asani.

Mzee alisimama amenyoosha kisu, mpini mbele, akitabasamu, hajui kitu. Alikuwa amefanya alichofanya baba yake, na baba wa baba yake tangu msikiti wa kwanza ujengwe. Na Asani alikuwa na njia. Angeweza kusema, Papa, mimi ni Fidèle, mimi ni Mkristo, mpe mpishi. Maneno machache tu. Padri angetabasamu, shule ya wauguzi ingebaki mahali pake. Marcellin alimwomba kwa macho ayaseme. Lakini kuyasema kulikuwa kumwaibisha mzee mbele ya halaiki, kumrudishia kisu mtu aliyemkabidhi jogoo tangu siku ya kwanza.

Asani akatoka kwenye mstari wa Wakusu. Akapokea kisu kwa mikono miwili. Akamlaza mbuzi, akamgeuza kuelekea kibla, na kibla ya pale ilipita juu ya paa la kanisa. Akasema bismillahi kwa sauti, si kwa kunong'ona, akachinja mara moja, sawasawa, kama alivyofundishwa.

Padri Mkuu alingoja mpaka damu iishe. Akainuka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomchoma Marcellin kuliko yote, jinsi alivyosema polepole, kama anayetangaza saa ya kulala.

"Fidèle, funga sanduku lako. Na ile nyama, mutu asiiguse. Itoke ndani ya misheni. Mutu atakayeikula, yeye naye afunge sanduku. Kila mutu kwa meza yake."

Wakaenda mezani. Wote! Hao waliokopeshana kalamu na Asani, waliofundishwa naye hesabu wakafaulu, waliotibiwa naye vidonda kwa majani na chumvi. Waliinama juu ya maharagwe wasitazamane. Wabangubangu walisema kwa macho kwamba Asani ni wa Wakusu. Wakusu walisema kwamba mzee aliyeleta balaa ni wa Wabangubangu. Warega walisema hayo ni ya wale wawili. Na Wazimba wakamtazama kapita wao Antoine, na Antoine akatazama sahani. Marcellin aliwachukia mmoja mmoja kwa jina. Alimchukia Padri, lakini Padri alikuwa Mzungu anayefanya kazi ya Kizungu. Wenzake ndio waliomtia uchungu. Miaka yote walilalamikia zile meza, na leo walizishikilia kwa mikono miwili kama mtu anayezama.

Nje, ng'ambo ya mtaro wa mpaka wa misheni, kando ya barabara, moshi ulikuwa unapanda. Mzee alikuwa amewasha moto, na Asani, sanduku lake likiwa pembeni, anachuna ngozi.

Marcellin akasimama kwa nguvu mpaka benchi likaanguka na wenzake watatu. "Mutaikaa hapa mpaka lini?" akapiga kelele. "Hata kuku wanalala pamoja! Nyinyi muko watu ama muko magunia ya pamba?" Akatoka.

Baba yake alimwona akiruka mtaro, akainuka na kijiti cha moto mkononi. Machozi yalikuwa yamemchora mistari kwenye vumbi la uso.

"Rudi ndani! Nililima pamba yao kwa fimbo, weye upate kusoma. Rudi!"

"Sirudi, Papa."

"Nitakupiga."

"Unipige basi. Kisha tukule."

Mzee akashusha kijiti. Hakuwa na nguvu ya kumpiga mtu siku hiyo. Padri Mkuu alikuwa amekwisha kufika mtaroni, joho lake jeupe likiburura majani, na nyuma yake kulisikika nyayo. Marcellin akakunja ngumi, akidhani ni makapita wametumwa kuja kuwakamata. Alikuwa Antoine, peke yake. Akampita Padri, akaruka mtaro, akakaa chini karibu na moto kana kwamba ni kwao.

Padri alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Antoine! Weye Muzimba. Baba yako katekista. Maneno hii inakuhusu nini?"

"Niko na njaa, mupe."

Hata Asani alicheka, na Padri akageuka akarudi kama aliyepigwa kofi. Marcellin peke yake hakucheka.

"Sababu gani ulichelewa?" akamuuliza Antoine kwa ukali.

"Nilikuwa nangojea weye usimame."

"Na kama singesimama?"

Antoine akachochea moto. "Basi na mimi ningeikaa," akasema. Marcellin alitaka kumpiga kwa jibu hilo, halafu akaona kwamba hakuna mwingine shuleni aliyemwambia ukweli siku hiyo.

Mzee alikuwa bado anamtazama Asani na lile sanduku. Alikuwa ameelezwa yote.

"Nilikukosea, mutoto wangu. Nimekuua na masomo yako."

"Haukukosa, Papa," Asani akasema. Alilia sasa, waziwazi, bila kujifuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na damu ya mbuzi. "Uliniita jina yangu."

Nyama ilipoiva, mzee akamtolea shingo, maana shingo ni haki ya mchinjaji. Marcellin akainua macho kutazama shule. Madirishani kulikuwa kumejaa. Walikuwa wamesongamana, kichwa juu ya bega la mwingine, Wazimba na Wakusu, Warega na Wabangubangu, hakuna mstari, hakuna meza, wote wakinusa moshi.

"Wamechanganyika," Antoine akasema.

"Kuyeni basi!" Marcellin akapiga kelele mpaka sauti ikamkatika. "Kuyeni! Nyama iko inatosha!"

Alingoja. Hakuna aliyetoka. Alikuwa bado amesimama hivyo, amekunja ngumi, Asani alipomvuta suruali na kumpa nusu ya shingo.

"Kula," akamwambia. "Inapoa."