Umbali wa King'ora

Kilianza chini, kama ng'ombe anayekohoa, kikapanda, kikakaa juu kwa muda wa mtu kujifunga kanga, kisha kikashuka polepole mpaka kikaisha. Bhoke alikisikia king'ora cha mgodi asubuhi ile akiwa ameshika kata ya maji. Alipogeuka kumnywesha Theonest, mtoto alikuwa hahitaji maji tena.

Ilikuwa homa ya siku nne, na mtoto mwenyewe wa miaka minane. Baada ya hapo mambo yaliendelea kufanyika, na Bhoke alikuwapo yakifanyika. Alitwanga, alifua, aliitikia salamu. Wanawake wa kambini walimngojea alie wakachoka kungoja, wakarudi kwenye shughuli zao. Kidogo kidogo wakaacha kumwita Mama Theonest, wakamwita Mama Klara kwa jina la binti aliyebaki. Hakuna aliyewaagiza. Hata Marselino, mumewe, alibadili hivyo hivyo, naye Bhoke akambadilishia, akamwita Baba Klara. Jina la mtoto likatoka nyumbani bila mtu kulitoa.

Marselino aliendesha pampu ya maji katika mgodi mdogo wa dhahabu, magharibi ya Geita. Walikuwa wametoka upande wa Musoma kufuata kazi hiyo, na sasa, mwaka wa hamsini na mbili, walikuwa na miaka mitano kambini. Nyumba ya kambi ilikuwa ya bure, bomba la maji halikuwa mbali, lakini shule haikuwapo. Mwaka uliotangulia Marselino alikuwa amezungumza sana habari za kuhama ili Theonest asome, kisha mvua zikaanza, wakasema wangojee ziishe. Sasa Klara alikuwa anakaribia miaka saba, na Marselino alisema mwaka huu hawangojei kitu.

Kila Jumapili baada ya ibada alipanda baiskeli kwenda kutafuta mahali. Aliporudi alimweleza mkewe, naye Bhoke alisikiliza huku akichambua mchicha. Kulikuwa na Nyalwelo, penye maduka na shule nzuri hadi darasa la sita. Ila chumba kimoja cha kupanga kule kingekula nusu ya mshahara, na choo ni cha watu wa nyumba nne. Kulikuwa na Bukondo, kijiji cha juu ya mwinuko. Huko mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa akigawa viwanja bure kwa wageni wenye adabu, na wamisionari walikuwa wamejenga shule ya madarasa manne. Kutoka Bukondo hadi lango la mgodi ni mwendo wa baiskeli usiotimiza saa moja.

Bukondo ingefaa, isipokuwa kwa jambo moja. Wafanyakazi hawakuwa na saa. Mgodi uliwaamsha kwa king'ora cha saa kumi na moja alfajiri, na cha saa kumi na mbili kilifunga lango. Aliyechelewa mara tatu aliandikiwa barua ya kuondoka. Kwa hiyo watu wa mgodini, walipotafuta pa kujenga, hawakuuliza kwanza habari za udongo wala kisima. Waliuliza kama king'ora kinafika.

"Nenda wewe ukasikilize," Marselino alimwambia. "Cha saa nane mchana, tunapotoka kazini. Ukikisikia mchana na kelele zote hizo, alfajiri hakitanipita."

Bhoke aliondoka asubuhi na Klara, wakatembea. Mwanangwa Mihayo, mzee mfupi mwenye koti la jeshi, aliwapokea kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Wasukuma, akamtaka Bhoke arudie kuitikia, akatambua lafudhi yake, akacheka. Akauliza Wakurya wanakuja kujenga au wanakuja kuwaangalia ng'ombe wake. Bhoke akamjibu kwamba ng'ombe aliowaona njiani ni wembamba mno, hawana wa kuwaangalia. Mzee alifurahi sana. Aliwaonyesha kiwanja chenye mkuyu upande mmoja na shule upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia watoto wakiimba hesabu.

Kabla ya kusikiliza king'ora walikwenda shuleni. Mwalimu Donatus hakuuliza cheti wala tarehe ya kuzaliwa. Alimwambia Klara apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Klara alijinyoosha, akauma mdomo, na ncha za vidole zikafika sikioni. Mwalimu alitikisa kichwa akikubali. Akasema nafasi ya Januari ipo, lakini madawati ni machache na watoto wa Bukondo ndio wanaoanza. Mwenye nyumba hapa ataandikwa. Asiye na nyumba angoje mwaka mwingine.

Bhoke alirudi kwenye kiwanja akasimama katikati. Mwalimu, ambaye alikuwa na saa ya mkononi, aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini, na watoto wakatoka. Ilikuwa saa nane. Wakapita, wakaenda, na pakatulia. Bhoke aliinamisha kichwa. Alisikia njiwa. Alisikia mtu akitwanga mbali. Alingoja hadi kivuli cha mkuyu kikamgusa miguu, na katika kungoja huko akatambua kwamba mabega yake, ambayo kambini yalikazana kila wakati wa king'ora ulipokaribia, yalikuwa yameshuka.

Mihayo alisema yeye hukisikia kila siku, tena kinamwamshia mbuzi. Lakini masikio ya Mihayo yalikuwa mazito, mtu wa kuambiwa kila neno mara mbili.

Jioni Marselino aliuliza kabla hata hajavua viatu.

"Nilikisikia," Bhoke alisema.

Hakuona kwamba amesema uongo mkubwa. Alikuwa amesema neno moja, kama mtu anayesogeza kigoda.

Walijenga kabla ya mvua. Mihayo aliwaita vijana wa kijiji kwa ngoma, wakakandika kuta kwa siku mbili wakiimba, na Bhoke akawapikia. Januari Klara aliandikwa darasa la kwanza. Alirudi siku ya kwanza na chaki puani, akaandika herufi moja ukutani. Bhoke aliitazama, akaendelea kufagia.

Kila alfajiri alimgusa Marselino begani. "Kimelia," alimwambia, naye akaamka kama mtu anayetolewa shimoni, akanywa uji, akapanda baiskeli. Mtu aliyesimama kwenye pampu siku nzima halali usingizi wa kusikia vitu, kwa hiyo hakushangaa kwamba hakuwahi kukisikia mwenyewe. Bhoke hakuhitaji king'ora. Kwa mwaka mzima kambini alikuwa amelala macho akikingoja, na mwili wake ulikuwa umekijua kabla hakijalia. Jogoo wa kwanza, jogoo wa pili, ubaridi ule unaoingia chini ya mlango, kisha kile kitu kifuani. Hapo ndipo alipomgusa. Marselino hakuchelewa hata mara moja.

Ilikuwa mwezi wa tatu, Jumanne, aliporudi akaegemeza baiskeli ukutani na asiingie ndani. Bhoke alikuwa anasonga ugali uani. Klara alikuwa ndani akisoma kwa sauti, ba be bi bo bu, akirudia.

Marselino alikaa juu ya kinu kilicholala. Akaeleza, bila haraka, kwamba leo alifika langoni akakuta yuko peke yake. Kambi nzima ilikuwa imelala. Mvuke wa kukiliza king'ora ulikuwa umekatika usiku, nacho hakikulia, si cha kwanza wala cha pili. Wenzake walikuja baadaye wanakimbia, shati mkononi. Ignas wa karakana alimcheka mbele ya watu wote: anayelala mbali kuliko wote ndiye wa kwanza, je, huko Bukondo mmenunua king'ora chenu? Naye Marselino, bila kufikiri, akajibu kwamba mke wake alikisikia. Walicheka mpaka msimamizi akawafukuza.

Bhoke aliugeuza ugali. Mvuke ukampanda usoni.

"Hakifiki hapa," Marselino alisema.

"Hakifiki."

"Hata siku ile."

"Hata siku ile."

Marselino alitazama shule, reli iliyoning'inia, mkuyu. Bhoke alijua anahesabu nini. Nyumba ya kambi ilikuwa bado haijapewa mtu. Wangeweza kurudi wiki hii hii, na Klara angengoja, na mvua zingekuja, wakasema wangojee ziishe. Ndani Klara alikuwa amefika da de di, akakwama, akaanza upya.

"Na siku utakayopitiwa na usingizi?" Marselino aliuliza. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. "Siku moja tu. Halafu ya pili. Halafu barua."

Bhoke alifinyanga bonge la ugali kwa mwiko, akaliweka kwenye sahani, akalilainisha pande zote kwa maji. Akaweka mwiko chini. Alisema kwa sauti ndogo sana, hata Marselino ilibidi ainame.

"Silali, Baba Theonest."